Kukubali mageuko si kutojua dini

Barazani hapa Bagamoyo, kijana akisema anakubali mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hata kizazi, huambiwa papo hapo: "Wewe dini hukusoma." Wengine wanaoambiwa hivyo wamehitimu madrasa, Yasini wanaisoma kwa moyo. Inauma, tena si kweli.

Darwin mwenyewe, mwanasayansi aliyeieneza nadharia hii, alisoma chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, akitarajiwa kuwa kasisi wa Kianglikana, akahitimu 1831. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani maelezo yote ya urithi wake, ni Mkristo mcha Mungu na anayakubali mageuko waziwazi. Na Wakatoliki, ambao misheni yao ipo hapa kwetu tangu 1868? Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu wasomi kuchunguza kama mwili wa mtu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu.

Hata asiyeamini si lazima awe mjinga wa dini. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani maswali 32 ya dini: wastani wa wote ulikuwa 16, wa wasioamini Mungu na wenye shaka karibu 21. Haya ni ya Marekani, lakini yatosha kutuzuia kumhukumu mtu kabla ya kumuuliza anachokijua.