Miti Miwili, Miti Mitatu: Alama za Msitu Hazihesabu Miti

Wanaoanza kujifunza Kichina au Kijapani huambiwa kwamba alama ya mti ikiandikwa mara mbili (林) humaanisha msitu mdogo, na ikiandikwa mara tatu (森) humaanisha msitu mkubwa. Kanuni hiyo husaidia kukumbuka maandishi, lakini kama maelezo ya maana haina mashiko.

Katika Kichina, 林, yaani lin, hutumika kwa misitu ya ukubwa wowote, ilhali 森, sen, kwa asili hueleza hali ya miti kusongamana na kutia giza. Ndiyo maana neno yinsen husemwa juu ya mahali penye kiza cha kutisha, hata kama hapana mti hata mmoja. Wajapani nao huita mori, kwa alama ya miti mitatu, misitu mitakatifu inayozunguka mahekalu ya Kishinto, ambayo mingine ni midogo mno.

Wabudha wameipeleka lin mbali zaidi. Conglin, kwa maana ya miti iliyosongamana, ni neno linalotumika kuita monasteri, yaani makao ya watawa, kwa hoja kwamba mtawa mmoja si jumuiya kama vile mti mmoja usivyokuwa msitu. Kwa hiyo si kila lin ina majani. Shaolin, hekalu maarufu la mkoa wa Henan nchini China, limepata jina kutokana na misitu halisi ya mlima Shaoshi, lakini talin, yaani “msitu wa minara”, iliyo jirani nalo ni makaburi ya watawa: minara zaidi ya 200 ya matofali na mawe.