Acheni kuhesabu waliopakwa rangi

Nimemaliza kusahihisha majaribio ya kidato cha sita hapa Mbeya kuhusu michoro ya ukoo, ambamo mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, na aliyepakwa rangi ndiye mwenye sifa inayofuatiliwa, na kwa mara nyingine nimekutana na jibu lile lile: "Sifa hii ni tawala kwa sababu walio nayo ni wengi." Hapana! Wingi hauthibitishi chochote. Sifa tawala huonekana hata ukiwa na aleli (toleo la jeni) moja tu ya sifa hiyo; fichwa haionekani aleli yake ikiwa pamoja na ya kawaida, na mwenye hali hiyo huitwa mbebaji. Ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo, ni tawala na wenye nao ni wachache mno duniani. Kundi la damu O ni fichwa, lakini waulize wenzako darasani nani ana O uone mikono itakavyonyooshwa.

Tafuta ndoa moja inayosema. Wazazi wote hawakupakwa, mtoto kapakwa: fichwa. Wazazi wote wamepakwa, mtoto hakupakwa: tawala. Basi, tuendelee.

Panaponikera zaidi ni kwenye kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja. Mkiona miraba mitatu imepakwa na duara hata moja halijapakwa, mnakimbilia kuandika kwamba sifa imefungamana na X. Inawezekana, maana himofilia (damu kutoganda vizuri) huonekana hivyo. Lakini ualbino nao unaweza kuwapata wavulana watatu wa tumbo moja ukawaacha dada zao, na hauko kwenye X. Ukishajua kuwa sifa ni fichwa, waangalie wanawake waliopakwa, kwa sababu wao ndio wenye ushahidi. Binti aliyepakwa ana baba asiyepakwa? Futa X. Binti huchukua X moja kwa baba, na baba ana X hiyo hiyo tu. Angekuwa na aleli ile, ingeonekana kwake. Mama aliyepakwa ana mwana asiyepakwa? Futa X tena, kwani mwana hupewa X na mama peke yake, na mama huyo hana X salama ya kumpa.

Baba na mwana wote wakiwa wamepakwa, wengi hufuta X papo hapo. Msifute! Ni kweli baba hampi mwanawe X, lakini mwana anaweza kuwa ameipata kwa mama ambaye ni mbebaji.

Na usipopata hata ndoa moja ya namna hiyo, mchoro hauamui. Andika "yaelekea", kisha toa sababu. Vitabu huchora kana kwamba kila ukoo una jibu moja, na mimi siamini hivyo. Huambiwa pia kwamba anayeoa au kuolewa kutoka nje ya ukoo si mbebaji. Kwa ugonjwa adimu, sawa. Ila kwa ualbino hapa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400, na ukipiga hesabu ya Hardy na Weinberg, inayokadiria wabebaji kutokana na idadi ya wenye sifa, unapata mbebaji 1 katika kila watu 19 hivi. Hapo sioni kwa nini shemeji aachwe nje ya hesabu. Hata kanuni yangu ya wazazi wasiopakwa ina mwanya: akondroplasia (mifupa kutorefuka, mtu akawa mfupi sana) ni tawala, lakini takriban asilimia 80 ya walio nayo wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, kwa mabadiliko mapya ya jeni. Kwenye mtihani tumia kanuni, isipokuwa swali limetaja mabadiliko hayo.

La mwisho, maana nalo limewapotezea alama wengi: dada asiye na ualbino, ambaye kaka yake anao na wazazi wao hawana, ana uwezekano wa 2/3 wa kuwa mbebaji. Si 1/2. Wazazi wote ni wabebaji, hivyo kila mtoto ana nafasi nne sawa: moja ya kuwa na ualbino, mbili za kuwa mbebaji, na moja ya kutokuwa na aleli hiyo kabisa. Kwa dada huyu, ile ya kuwa na ualbino imeshaondoka. Zimebaki tatu, na mbili kati yake ni za wabebaji.