Ukivunja utalipa? Sheria haisemi hivyo

Kwenye migahawa na maduka mengi ya Dodoma, Majengo hadi Area D, kauli ni moja: sahani zikikuponyoka, utazikuta kwenye mshahara mwisho wa mwezi. Wafanyakazi wenyewe wanaamini ndivyo sheria inavyotaka. Sivyo.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, hakimruhusu mwajiri kujikatia tu fidia ya hasara. Pasipo idhini nyingine ya kisheria, kama amri ya mahakama, lazima mfanyakazi akubali kwa maandishi. Na hata akikubali, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri aandike chanzo, kiasi na namna alivyokipiga hesabu, kisha ampe nafasi ya kupinga. Kirikuu cha duka kikigonga ukuta kwa breki mbovu ambazo bosi alishaambiwa, kosa la dereva liko wapi?

Deni likithibitika, makato yasizidi hasara halisi, wala robo ya mshahara. Anayelipwa shilingi 400,000 hakatwi zaidi ya 100,000. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kudai bei ya friji mpya kwa friji iliyochakaa ni uonevu mtupu.

Kuharibu kwa makusudi au uzembe uliokithiri ni habari nyingine. Hapo kazi yenyewe inaweza kuondoka. Ila ukikatwa kienyeji, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60.