Shinikizo la rika: kinachombana kijana mpaka akanywa pombe asiyoitaka

Shinikizo ni neno la kinu. Kabla halijaingia hospitalini kama shinikizo la damu, lilikuwa jina la chombo cha kukamulia: unaweka ufuta au muwa, unabana, kilichomo kinatoka. Rika ni watu wa umri mmoja, na kwa makabila yetu mengi ni zaidi ya umri: ni wale mliopita jandoni au unyagoni pamoja, mtakaozikana na kuoleana watoto. Ukiyaunganisha maneno hayo unapata maana kamili. Shinikizo la rika ni kubanwa na wenzako mpaka ukafanya jambo ambalo, kama ungekuwa peke yako, usingelifanya.

Wazazi wengi wakilisikia wanapata picha ya kijana anayeshikwa mikono na kumiminiwa pombe mdomoni. Hilo ni nadra sana. Linavyotokea kweli ni hivi.

Chukua harusi yoyote ya mjini. Kamati ya vinywaji imefanya kazi yake, kreti zimepangwa nyuma ya ukumbi karibu na majiko. Saa nne usiku wakubwa wako ndani wanacheza. Huko nyuma wamesimama vijana watano wa kidato cha pili na cha tatu, mashati yameshachomolewa. Mmoja ana chupa ya soda ya plastiki, ila soda imechanganywa na pombe kali. Chupa inazunguka. Wa kwanza anapiga funda, anakunja uso, wenzake wanacheka. Wa pili naye. Wa tatu naye. Inamfikia wa nne, ambaye tangu anavaa viatu nyumbani alishaazimia kwamba hanywi. Anasita. "Oya mwanangu, funda moja tu." Halafu kimya cha sekunde mbili, macho yote yako kwake. Anakunywa.

Kijana huyu hakuvutwa na pombe. Harufu yake ilimkera. Kilichombana ni zile sekunde mbili.

Ndiyo maana nasema shinikizo lenye maneno, lile la "mtoto wa mama", "mlokole wewe", "unatuharibia stimu", ni jepesi kuliko lile la kimya. Maneno unaweza kuyajibu. Kimya hakijibiki, kijana anajijibia mwenyewe kichwani kwamba kesho shuleni hatakuwa na wa kukaa naye. Kwa mtu wa miaka 15, kutengwa na wenzake ni hatari kubwa kuliko ugonjwa wa ini utakaokuja akiwa na miaka 50.

Si ujinga, na si kukosa malezi. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini, na sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kufunga breki, ndiyo ya mwisho kukamilika. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Watu waliucheza wakiwa peke yao au wenzao wawili wakiwapo. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi waliposhuhudiwa na wenzao. Kwa hiyo mwanao anapokuahidi sebuleni kwamba hatakunywa, hadanganyi. Anasema kweli ya sebuleni. Nyuma ya ukumbi ana mzigo mwingine.

Lakini kuna habari njema, na ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka wanafunzi wa chuo, mmoja mmoja, katikati ya watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, mistari ambayo hata mtoto angeona ipi inalingana. Karibu theluthi moja ya majibu ya wale wanafunzi yalifuata uongo wa kundi. Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mtu mmoja. Kijana yule wa nne hakuhitaji kundi zima limuunge mkono. Alihitaji mwenzake mmoja wa kusema, "Mimi pia napita." Basi swali la kumuuliza mwanao kabla ya sherehe si "utakuwa na akina nani?" peke yake, bali "kati yenu, nani mwingine hanywi?" Wakikubaliana wawili mapema, nusu ya kazi imekwisha.

Vilevile mpunguzie uzito wa ile kauli ya "kila mtu anakunywa". Tangu miaka ya 1980 watafiti wa vyuo vya Marekani wamekuwa wakikuta kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli. Sababu ni rahisi: anayelewa anaonekana na kusimuliwa Jumatatu nzima, wanaokunywa soda yao taratibu hakuna anayewahesabu.

Ushauri wa "sema hapana tu" hautoshi. Marekani waliutangaza kwa nguvu miaka hiyohiyo ya 1980, hata kupeleka polisi madarasani kufundisha, na tafiti zilizofuata hazikuona faida ya kudumu. Hapana tupu inamwacha kijana uwanjani peke yake. Mpe sentensi, tena fupi, halafu muifanyie mazoezi kwa sauti mkiwa jikoni, wewe ukicheza mshawishi: "Leo sinywi, nina mechi kesho." "Natumia dawa." "Baba ananinusa nikifika." Hiyo ya mwisho mwache akusingizie hata kama humnusi. Awe na soda yake mkononi muda wote, aliyoifungua mwenyewe, kwa sababu mkono uliojaa haupewi chupa. Kwa binti hili lina uzito wa pekee, maana mara nyingi anayemnunulia kinywaji si wa rika lake hata kidogo; ni mtu mzima mwenye nia yake.

Na hapa nitasema wazi: tunalilaumu rika kwa kazi tuliyoianza sisi. Mjomba anayemwonjesha mpwa wake "awe mwanaume" ameshamfundisha kwamba kukataa ni utoto. Anayemtuma mtoto wa miaka 12 bia mbili baa anamfanya aizoee njia, na muuzaji anayempa anavunja Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inayokataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Nchini Kenya nako sheria ya vileo ya mwaka 2010 imeweka umri huohuo. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 2017, pombe iliyokuwa inaingia mfukoni mwa sare ya shule iliondolewa dukani. Naona hatua ile ilimsaidia kijana kuliko mahubiri mengi, kwa sababu shinikizo linahitaji kitu rahisi na cha kufichika cha kulifanyia kazi.

Kilichobaki ni mlango wa kutokea. Kubalianeni na mwanao: akibanwa, akubipu mara mbili. Wewe piga papo hapo na ufoke, kwa sauti ambayo wenzake wataisikia kwenye simu: "Uko wapi? Rudi nyumbani sasa hivi!" Yeye akunje uso, alalamike, aage. Mbele ya wenzake mkorofi ni mama yake. Bodaboda mtailipa akifika, na usiku huo hakuna maswali, hata kama mdomo unanuka. Ukimkuta amelewa sana, mlaze ubavu, usimlaze chali, na usimwache peke yake. Kama hazinduki au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali. Mengine mtaongea kesho yake mchana, akishakunywa uji.