Je, wajua chembe nano huipenyezaje dawa ndani ya seli?

mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kuunda protini, ikidungwa mwilini ikiwa tupu, haifiki mbali. Vimeng'enya vya kwenye damu huikatakata upesi, na hata inayosalimika haipenyi utando wa seli, kwani ni kubwa na ina chaji hasi. Ndiyo maana hufungwa ndani ya chembe nano: kitone cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi. Unene wa unywele mmoja unatosha mamia ya chembe hizo zikipangwa mstari.

Ukubwa huo una sababu. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo ikatoka na mkojo. Iliyo kubwa mno hunaswa na ini na wengu.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kuingia kwenye seli. Sivyo. Seli yenyewe huimeza chembe kwa kuukunja utando wake, kisha huifungia kwenye kifuko kiitwacho endosomu. Balaa huanzia humo. Asidi ya endosomu huzidi kupanda, na mwishowe kifuko huungana na lisosomu, ambako kila kilichomezwa husagwa. Dawa ikikawia, imekwisha.

Hapo ndipo wanakemia walipofanya jambo linalonistaajabisha mpaka leo. Walibuni lipidi (aina ya mafuta) ya kuundia chembe, ambayo kwenye damu, kwa pH ya 7.4 (kipimo cha asidi: pH ikishuka, asidi imepanda), karibu haina chaji, hivyo haizisumbui seli inazopita njiani. pH ya endosomu inaposhuka chini ya 6.5, lipidi ileile hupata chaji chanya, ikazishika lipidi za kifuko zenye chaji hasi, na utando ukavurugika. mRNA humwagikia kwenye saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, ribosomu zikaanza kuisoma na kuunda protini. Asidi ya kuisaga dawa ndiyo inayoifungulia njia.

Mbinu hii ndiyo iliyobeba Onpattro, dawa ya RNA (jamii ya molekuli ambamo mRNA nayo imo) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Hiyo hulenga ini: protini ya damu iitwayo ApoE hujibandika kwenye chembe, na seli za ini zina vipokezi vya kuidaka. Chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19 zilifuata mwaka 2020.

Hata hivyo, inayotoroka endosomu ni asilimia chache tu ya RNA iliyomezwa. Nyingine huharibiwa au hutupwa tena nje ya seli. Kiwango hicho kikipanda, hata kwa kidogo, mgonjwa atahitaji dozi ndogo zaidi, na madhara yatapungua.