Kukimbia kwenye joto: mwenzako akianza kuongea ovyo usimpumzishe, mpoze

Msimu wa joto ukianza tu na sisi mapokezi ya dharura tunajua kitakachofuata. Kijana mzima, mwenye nguvu zake, asubuhi katoka kufanya mazoezi anacheka na wenzake, baadae analetwa kabebwa mzegamzega, mwili unaunguza kama pasi na hajui hata jina lake. Ukiwauliza waliomleta ilianza saa ngapi wanakwambia kama saa moja hivi iliyopita, tulimuweka kivulini apumzike kwanza. Saa nzima! Ndo maana nayajibu haya maswali hapa, naulizwa kila siku.

Kwani joto linampataje mtu mwenye afya yake?

Misuli ikifanya kazi inazalisha joto. Sehemu kubwa ya nguvu unayotumia kukimbia, kama robo tatu na zaidi, inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Mwili unajipoza kwa jasho, ila jasho linapoza pale linapokauka kwenye ngozi sio linapodondoka chini, kwahiyo siku hewa ina unyevu mwingi unaweza kulowa chapa chapa na bado usipoe, hata kama kuna mawingu na jua hulioni.

Nitajuaje kama ni uchovu tu au ni hatari?

Angalia akili yake. Mtu aliyechoshwa na joto kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu, kizunguzungu, miguu inakaza, lakini ukimuuliza anajibu vizuri. Huyo aache mazoezi, akae sehemu yenye ubaridi, alale miguu juu, anywe maji taratibu na kwa kawaida anarudi sawa muda sio mrefu. Asiporudi, hospitali.

Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Hapo joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuvurugika, anajibu vitu ambavyo hukumuuliza, anayumba kama mlevi, anakuwa mkali bila sababu, anataka kuendelea kukimbia wakati hajui hata anaelekea wapi, mwingine anapata degedege au anazimia. Ukiona hayo hiyo ni dharura, usisubiri dalili nyingine.

Lakini bado anatoka jasho, si ina maana mwili unajipoza?

Hapana. Hii imani ya kwamba mpaka ngozi iwe kavu inachelewesha watu wengi sana. Ngozi kavu tunaiona zaidi kwa wazee waliokaa siku kadhaa kwenye nyumba yenye joto. Aliyekuwa anakimbia anaweza kufika na nyuzi 41 huku jasho linachuruzika. Na usimguse paji la uso ukasema mbona hajapata moto sana, wala usitegemee kipimajoto cha kwapani maana kwa mtu aliyetoka kukimbia kinadanganya, kinasoma chini.

Tumpumzishe kivulini kwanza tuone?

Hapana. Narudia, hapana. Kivuli kinaondoa jua la juu tu, lile joto lililoko ndani halitoki kwa kupepewa na kofia. Kila dakika anayokaa hivyo ubongo, ini, figo na misuli vinaendelea kuungua. Akipozwa haraka, ndani ya nusu saa tangu aanguke, wengi wanapona vizuri kabisa, ukichelewa tunaanza kuongelea figo zilizofeli na mtu ambaye hatarudi kuwa yule mliyemjua. Kwahiyo hakuna cha "tuone". Ukishaona akili imevurugika umeshaona.

Basi tumpakie kwenye gari haraka?

Hapana pia, na hapa ndipo wenye nia nzuri wanapokosea. Kumpoza kwanza, safari baadae. Mmoja apige simu ya gari la wagonjwa, wengine mvueni viatu na nguo za juu na mumtumbukize kwenye maji ya baridi mpaka shingoni, yakiwa na barafu ni bora zaidi, iwe ni bafu, pipa, dimbwi la watoto, chochote kinachomtosha, na mtu amshike kichwa muda wote asizame. Hakuna? Mwagieni maji mfululizo kwa mpira au ndoo mwili mzima, mfunikeni taulo za maji ya barafu mkizibadilisha kila zikipata moto, huku mnampepea. Endeleeni mpaka akili imrudie au gari lifike na wahudumu wachukue, akianza kutetemeka sana baada ya kupoa mtoeni. Kama hamna namna ila gari lenu, basi njiani madirisha wazi na maji yaendelee kumwagwa, msijali viti.

Watu wanaogopa eti maji baridi yatamshtua moyo. Kwa kijana aliyeanguka akiwa mazoezini hiyo ndo tiba yenyewe, ni joto linalomuua. Na msimnyweshe kitu kama hajielewi, kitaingia kwenye mapafu.

Tukimpa dawa ya kushusha homa?

Haifanyi kazi. Hii sio homa ya ugonjwa, na paracetamol inaenda kulibebesha mzigo ini ambalo tayari liko taabani. Na nyie mnaomeza diclofenac au ibuprofen kabla ya kukimbia ili msisikie maumivu, acheni, ukiwa umekaukiwa maji unaziumiza figo zako mwenyewe.

Nikinywa maji mengi si nitakuwa salama?

Maji yanasaidia ila hayakupi kinga, unaweza kunywa vizuri na bado ukazidiwa kama kasi yako ni kubwa kuliko hali ya hewa inavyoruhusu. Na ukijilazimisha kunywa kupita kiu kwa masaa, chumvi ya mwili inashuka na hiyo nayo inachanganya akili na kuua. Jipime uzito kabla na baada, ukikuta umeongezeka umekunywa kupita kiasi.

Na kuvaa sweta au nailoni ili kupunguza mwili?

Jamani acheni. Kinachopungua pale ni maji, ukinywa yanarudi. Mafuta hayatoki kwa kujipika.

Sasa nifanyeje, niache kukimbia?

Usiache. Mwili unazoea joto kwa siku kama 7 mpaka 14, kwahiyo wiki ya kwanza punguza muda na kasi, usilazimishe spidi yako ya msimu wa baridi. Kimbia alfajiri, nguo nyepesi, na mwenzako. Ukiwa na homa, unaharisha, hujalala au jana ulilewa, leo pumzika. Kama unatumia dawa za aleji au za presha zinazokojoza muulize daktari kwanza.

Amepoa na anasema yuko fresh, akalale nyumbani?

Hapana, aende hospitali. Figo na ini vinaweza kuonyesha shida siku 1 au 2 baadae, anaweza kuanza kukojoa mkojo wa kahawia kama soda ya kola na hapo misuli imeshavunjika. Apimwe damu, na asirudi mazoezini mpaka daktari aseme, angalau wiki nzima akiwa amepumzika.