Paka mkubwa akihamia kwako, mfungie chumba kimoja kwanza

Hapa Kigoma mtumishi akipata uhamisho, kitanda kinauzwa, jiko anapewa jirani, paka anabaki uani analia. Paka wengi ninaowatafutia makazi mapya wanatoka huko. Watu huja wakitaka kitoto, nami huwaonyesha kwanza aliyekomaa, kwa sababu tabia yake imeshajulikana: anapenda kubebwa au hapendi, anaogopa watoto au la, anakamata panya au analala tu. Kitoto ni bahati nasibu.

“Daktari, huyu si ameshazoea kwao? Si atarudi?” huniuliza. Atarudi, ukimwachia mapema. Paka huzoea mahali kabla ya kumzoea mtu, na wapo waliochukuliwa Gungu kwenda Mwanga, mitaa ya hapa hapa mjini, wakaonekana tena Gungu. Mfungie chumba kimoja chenye wavu dirishani kwa wiki mbili au tatu. Beseni la mchanga likae kona moja, chakula kona ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Omba na kitambaa alichokuwa akilalia, kina harufu anayoijua. Siku za kwanza atajificha uvunguni. Usimvute! Kaa chini, ongea na simu kwa sauti ya kawaida, mwache akuchunguze. Akikutazama akafumba macho polepole, nawe fumba hivyo hivyo. Hofu imeanza kushuka. Siku ya kumfungulia mlango, mfungulie akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya kumlisha, ili arudi mwenyewe.

Kususa chakula siku ya kwanza hakunitishi. Zikipita mbili hajagusa kitu, mlete, hasa kama ni mnene: mwili wenye njaa huyeyusha mafuta yakajazana kwenye ini, na ini likishindwa tunaweza kumpoteza. Dagaa wetu wa ziwani husaidia sana hapa. Wachemshe bila chumvi, harufu yao tu humtoa uvunguni. Lakini ugali uliolowa mchuzi haumtoshi paka. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, na taurini iko kwenye nyama na samaki, si kwenye mahindi. Akiikosa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Mpe dagaa wenyewe pamoja na supu yao, kwa sababu sehemu ya taurini huingia kwenye maji ya kuchemshia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi. Mimba yake ni miezi miwili tu, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha.

Viroboto visikufanye umwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi zina permetrini, kemikali ya kuua wadudu, au jamaa zake, na ini la paka haliwezi kuivunja: atatetemeka, kisha degedege. Parasetamoli nayo usimpe kabisa, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua.

Na mama mjamzito asimfukuze paka. Mtu mwingine aondoe kinyesi kila siku bila kuruka, kwa sababu mayai ya toksoplasma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huchukua angalau siku nzima baada ya kutoka kabla hayajaweza kuambukiza.